Usitazame mdomo, tazama mkia: namna ya kumjua mwewe wa Dodoma

Jumamosi moja mnadani Msalato, mchoma nyama alikuwa ameinama akikata mbavu za mbuzi juu ya gogo. Akageuka kuchukua chumvi. Kivuli kikapita, pakasikika mvumo kama wa kanga inayokung'utwa, na kipande cha nyama cha ukubwa wa kiganja kikawa hakipo. Watu wakacheka. Mchoma nyama hakucheka.

"Tai hawa watanifilisi," alisema.

"Si tai huyo, mzee. Ni kipanga," akadakia kijana aliyekuwa akisubiri sahani yake.

"Mwewe," akasema mama muuza kachumbari, wala hakuinua kichwa kwenye vitunguu vyake.

Siku hiyo mama ndiye aliyepatia. Lakini mwonyeshe mama huyohuyo yule ndege mdogo mweupe anayekaa kwenye nyaya za umeme njia ya Kibaigwa, naye atamwita mwewe. Mwonyeshe ndege mwenye uso wa njano anayening'inia kwenye viota vya mnana, huyo naye ni mwewe. Anayebeba kifaranga ni mwewe, na anayebeba kuku mzima ni mwewe pia. Ndiyo maana mtu anaweza kuzaliwa Dodoma, akazeekea Dodoma, akawa amemwona mwewe kila siku ya maisha yake bila kujua ni yupi kati ya hao.

Jina moja, ndege wengi

Kiswahili hakina upungufu wa majina ya ndege walao nyama. Tuna tai, tumbusi, mwewe, kipanga, kozi, furukombe, pungu. Shida ni kwamba majina haya hayatulii. Huku kwetu bara, mwewe ni yeyote anayesumbua vifaranga, kipanga ni mwewe mdogo au mwenye mbio, na tai ni mkubwa yeyote aliye juu sana. Ni majina ya ukubwa na ya tabia. Yalitungwa na watu waliokuwa na kuku wa kulinda, na kwa kazi hiyo yanatosha kabisa. Methali inasema dua la kuku halimpati mwewe, wala haijishughulishi kutuambia mwewe yupi, kwa sababu kwa upande wa kuku swali hilo halina maana.

Kwa mtu anayetaka kumjua ndege, lina maana. Kwa hiyo hapa nitayagawa majina hivi: mwewe atakuwa yule wa Msalato na ndugu yake wa karibu, tai ni wale wakubwa wenye mabawa mapana na miguu ya nguvu, kozi ni wale wenye mabawa yaliyochongoka kama mundu, kipanga ni wale wa mabawa mafupi ya mviringo na mkia mrefu, wanaovizia ndani ya miti. Ukinikosoa kwamba kwenu hawasemi hivyo, utakuwa na haki yako.

Mwewe wa Msalato kwa jina la kisayansi ni Milvus aegyptius, yaani mwewe wa Misri, jina alilopewa mwaka 1788. Kwa Kiswahili tunaweza kumwita mwewe mdomo-njano. Ni wa kahawia tangu kichwani hadi mkiani. Urefu wake ni kama sentimita 55, na mabawa yakitandazwa hukaribia mita moja na nusu. Ukimwona ametanda hivyo juu ya paa la nyumba yako utadhani ni mzito. Kumbe kwa kawaida hafikii hata kilo moja. Ishike sana namba hiyo, tutairudia kwenye kesi ya kuku.

Wepesi huo juu ya mabawa mapana ndio unaomfanya awe vile alivyo. Kuanzia kama saa nne asubuhi, jua la Dodoma likishapasha lami, mapaa ya bati na ile miamba mikubwa iliyotapakaa mjini, hewa ya moto huanza kupaa. Mwewe huikalia hewa hiyo kama abiria. Huzunguka muda mrefu bila kupiga bawa, kichwa kimeinama chini, akikagua mji kama afisa afya.

Mkia

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mkia wa mwewe una panda. Haukuingia ndani sana kama wa mbayuwayu. Ni panda fupi, kama mkia wa samaki. Na haujatulia hata sekunde mbili. Mwewe akielea, mwili na mabawa vinaweza kutulia tuli, lakini mkia unapinda kushoto, unapinda kulia, unajikunja upande, unanyooka. Ukitaka kuuelewa, mtazame dereva wa lori anayekwepa mashimo kwenye barabara ya vumbi: mikono yake haiachi usukani. Hakuna ndege mwingine wa jamii hii katika anga la Dodoma anayeuzungusha mkia kiasi hicho. Unaweza kumtambua kwa tabia hiyo tu, akiwa mbali kiasi kwamba huoni rangi yoyote.

Nasema rangi kwa makusudi. Anayeanza kutazama ndege huanza na rangi, na mchana wa Dodoma humwadhibu. Ndege aliye kati yako na anga jeupe la saa saba ni mweusi, awe nani. Kahawia haionekani, njano haionekani, michirizi ya kifuani haionekani. Kinachobaki ni umbo na mwendo. Basi jifunze umbo na mwendo kwanza, rangi iwe zawadi siku ndege akikukaribia.

Mkia nao una hila zake. Mwewe anapozunguka katika hewa inayopaa huutandaza kama feni, na panda hupotea: ncha ya mkia huonekana imenyooka, kama umekatwa kwa mkasi. Anapobadilisha manyoya, yale marefu ya pembeni yakianguka, panda hupotea tena kwa wiki kadhaa. Ndiyo sababu nasema usiridhike na mtazamo mmoja. Subiri anyooke, aache kuzunguka, aanze kuelekea mahali. Mkia utajikunja na panda itarudi.

Mkia ukikataa kukupa jibu, tazama mabawa. Ya mwewe yamekunjika kwenye kifundo, na sehemu ya nje imerudi nyuma kidogo, kama mikono ya mtu anayeogelea. Tai akielea hunyoosha mabawa yake sawasawa kwa upande kama ubao wa mjenzi. Tofauti hiyo ukishaizoea, utaiona hata kupitia dirisha la basi.

Tazama pia anavyokula. Mwewe wa Msalato hakwenda kutua na nyama yake. Aliichukua kwa miguu, akapanda, kisha akiwa bado anaelea akaupeleka mguu mbele hadi mdomoni, akainamisha kichwa, akadonoa. Kula huku anaruka ni desturi yake. Utamwona akifanya hivyo hasa baada ya mvua za kwanza, kumbikumbi wanapotoka ardhini: mwewe kumi, ishirini, wanapishana angani, wanadaka kwa miguu, wanakula papo hapo. Mashamba yanapochomwa mwishoni mwa kiangazi hufika pia, wakapita mbele ya moto kudaka panzi na mijusi wanaokimbia. Mlaji asiyechagua: mzoga wa sungura barabarani, utumbo wa samaki, panya, mjusi, kifaranga, kipande chako cha mbavu.

Na ule mdomo?

Jina lenyewe linasema mdomo-njano, na kila anayefundishwa ndege huyu huambiwa atazame mdomo. Ni alama ya kweli. Mwewe mzima wa hapa kwetu ana mdomo wa njano wote, kuanzia unapotokea usoni hadi kwenye ncha. Ukimkuta ametua kwenye nguzo mita kumi kutoka kwako, asubuhi, jua likiwa nyuma yako, basi kazi imekwisha.

Ila mwewe mchanga, aliyetoka kiotani juzi, ana mdomo mweusi. Na kuna mwewe mwingine kabisa ambaye mdomo wake ni mweusi maisha yake yote.

Huyo wa pili ni Milvus migrans, mwewe mweusi, na neno hilo la Kilatini lina maana ya mhamaji. Huzaliana Ulaya na Asia, kisha baridi ya huko ikianza huja Afrika. Kwetu ni mgeni wa kuanzia kama Oktoba hadi Machi au hivi. Umbo ni lilelile, mkia uleule wa panda, uzungushaji uleule. Mdomo wake ni mweusi, na njano ipo sehemu ndogo tu, ile ngozi laini iliyo juu ya mdomo karibu na matundu ya pua. Kichwa chake kina weupe wa majivu, ilhali cha mwewe wetu kina kahawia sawa na mwili. Hiyo ndiyo tofauti nzima, na angani haionekani.

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana kama hawa ni ndege wawili au mmoja. Kwa muda mrefu mwewe mdomo-njano alihesabiwa kuwa aina tu ya mwewe mweusi. Uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba wametengana, baadhi ya orodha za ndege za dunia zikawagawa, nyingine zikawaacha pamoja. Ukifungua programu moja ya ndege kwenye simu ukakuta majina mawili, kisha ukafungua nyingine ukakuta moja, simu haijaharibika.

Kwa hiyo ukiona mwewe mwenye mdomo mweusi, swali la kwanza ni: huu ni mwezi gani? Mwezi wa saba, wageni wako kwao wanalea watoto, kwa hiyo huyo ni karibu hakika mtoto wa hapa ambaye mdomo haujageuka. Mtazame kifuani, utaona michirizi myepesi ya rangi ya mchanga ambayo wakubwa hawana. Mwezi wa kwanza, anaweza kuwa yeyote kati ya hao wawili, na hapo unahitaji kukiona kichwa. Na ukimkuta mwewe amebeba kijiti, au tambara, au mfuko wa plastiki kuelekea juu ya mti mrefu, usijisumbue na mdomo: anajenga, na wageni hawajengi huku. Kiota cha mwewe ni kituko. Vijiti nje, na ndani ametandika matambara, karatasi, manyoya ya wanyama na takataka zozote laini alizookota, na juu yake mayai mawili au matatu.

Nina daftari la ndege ambalo nimelijaza kwa miaka kadhaa. Ukurasa wa Januari mmoja una mwewe kumi na wanne, wote juu ya dampo, wakati jua likizama. Mbele ya watatu nimeandika "njano". Mbele ya mmoja, "kichwa cha majivu". Mbele ya kumi waliobaki nimeandika "mwewe" tu. Mwanzoni ukurasa huo ulinikera. Sasa nauona ni mmoja wa kurasa chache za daftari lile zisizo na uongo.

Wanaosingiziwa

Yule mdogo mweupe wa kwenye nyaya, anayeitwa mwewe mabega-meusi, ndiye anayeniuma zaidi, kwa sababu hupigwa mawe kwa makosa ya mwewe wa Msalato. Ni mdogo, sentimita 30 na kitu, kijivu juu, mweupe chini, na doa jeusi kwenye kila bega. Macho yake ni mekundu kama kaa la moto. Hukaa kwenye nyaya na nguzo kandokando ya barabara zote zinazotoka Dodoma, mkia wake mweupe ukipanda na kushuka akiwa ametua. Akiwinda husimama angani mahali pamoja, mabawa yakipiga, kisha hushuka taratibu miguu ikining'inia. Chakula chake kikubwa ni panya. Mkulima wa mtama au alizeti anayemfukuza ndege huyu shambani anamfukuza kibarua asiyedai ujira.

Kuna tai wa kahawia, Aquila rapax, ambaye rangi yake hucheza kati ya mchanga na udongo, na ambaye mjini wengi humchanganya na mwewe akiwa juu. Mkia wake ni wa mviringo, haupindi wala hauna panda. Mabawa ni mapana, ncha zake zimeachana kama vidole. Uzito wake ni mara mbili au tatu ya mwewe. Akitua, angalia miguu: ina manyoya hadi kwenye vidole, kama amevaa suruali. Ya mwewe ni mitupu kuanzia katikati.

Pungu hahitaji maelezo marefu. Ni tai asiye na mkia. Hata jina lake la Kilatini, ecaudatus, linasema hivyo. Mkia upo, ila ni mfupi kiasi kwamba miguu yake myekundu hujitokeza nyuma yake akiruka. Huyumba kushoto na kulia kama mtu anayetembea juu ya kamba. Zamani ungemwona popote kati ya Manyoni na Mpwapwa. Siku hizi ukimwona, simamisha gari. Tangu 2020 amewekwa katika kundi la ndege walio hatarini kutoweka duniani, na sumu inayotegwa kwenye mizoga ni mojawapo ya sababu kubwa.

Yule mwenye uso wa njano anayening'inia kwenye viota vya mnana ni kisa kingine. Ni mkubwa, wa kijivu, mabawa mapana yenye kulegealegea, mkia mweusi wenye mkanda mmoja mweupe. Kifundo cha mguu wake hupinda mbele na nyuma pia, na hivyo huweza kuingiza mguu ndani ya tundu la mti au kiota na kuchomoa makinda. Ukimwona amebandikwa kwenye mti kichwa chini, mabawa yakipigapiga, usidhani amenaswa. Yuko kazini. Huyu naye hushuka uani akapata kifaranga, kwa hiyo kesi yake si ya kusingiziwa moja kwa moja.

Kozi nampita haraka: mabawa yake yamechongoka, hana muda wa kuzunguka dampo, na akipita juu ya miamba utamwona kwa sekunde tatu. Ukipata muda wa kujiuliza kama ni kozi, basi si kozi.

Kesi ya kuku

Jirani yangu, mama mmoja wa Kigogo anayefuga kuku wa kienyeji, alinijia siku moja akiwa amefura. Amezoea kuniita mwalimu.

"Mwalimu, wewe unayewapenda mwewe. Njoo uone walichonifanyia."

Tetea wake aliyekuwa akitaga alikuwa ametoweka usiku. Nikamuuliza kama vifaranga wamepungua. Hapana, wao hulala ndani ya tenga, na mchana hushinda chini ya kichaka cha minyaa alichokiacha makusudi. Hilo la kichaka ni la busara sana. Mwewe huja kwa kuteleza kutoka juu, anahitaji uwanja wazi wa kushukia na kupandia. Akikuta matawi hupitiliza. Wapo wanaopaka vifaranga rangi ya waridi au zambarau, nao huapa kwamba inafaa. Mimi naamini zaidi kichaka na tenga.

Nikamuuliza uzito wa tetea yule. Akaniambia muuzaji wa kuku wa soko la Sabasaba alimpimia mwenzake juma lililopita: kilo moja na robo.

"Mama, mwewe mwenyewe hafikii kilo moja."

Akanyamaza. Nikamweleza kwamba ndege wa kubeba kuku mzima yupo, kuna tai wa aina kadhaa wanaoweza kumuua kanga na kuku mkubwa, lakini hao hawawindi gizani, kama ambavyo mwewe hawindi gizani. Jua likishazama, mwewe wote wa mji huu wako mitini wamelala pamoja. Tukazunguka banda. Nyuma, upande wa korongo, palikuwa na manyoya yaliyotapakaa, na chini ya uzio wa matete palikuwa na tundu la upana wa kichwa cha mtoto, udongo wake umelainika kwa kupitwa mara nyingi. Nguchiro, au kicheche, sikuweza kuapa ni yupi.

Juu yetu mwewe mmoja alikuwa akizunguka, mkia ukipinda huku na huku. Mama akamtazama, akalitazama tundu, akaingia ndani, akatoka na jembe.